Kukinga Si Kulinda

Tarehe 20 Mei 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza kwamba nchi yake imechagua muundo wa ngao mpya ya kuzuia makombora ya kila aina, ngao ambayo sehemu yake itakaa katika anga za juu, nje kabisa ya hewa tunayoivuta. Mpango huo aliupa jina la Kuba la Dhahabu. Alisema utagharimu dola bilioni 175 na kwamba utakuwa tayari katika muda wa miaka kama mitatu. Mwezi huohuo Ofisi ya Bajeti ya Bunge la nchi hiyo ilitoa hesabu yake, ikaonyesha kwamba makombora ya kutungulia yatakayowekwa angani, peke yake, yaweza kula mpaka dola bilioni 542 katika miaka 20.

Fedha hizo ni za wananchi wa Marekani, nao wana haki ya kuzitumia wapendavyo. Hata hivyo, wazo lililomo ndani ya mpango huo halikuishia kwao. Limeenea duniani kote, na limewaingia hata watu wenye elimu: kwamba vita vya siku hizi vimehamia angani, kwamba askari wa miguu ni mabaki ya zamani, na kwamba taifa lenye fedha laweza kununua usalama na kuuezeka juu ya vichwa vya raia wake kama bati. Twaona ni wajibu wetu kulipima wazo hilo kabla halijawa imani.

Lugha yetu inayo maneno mawili ambayo wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja: kukinga na kulinda. Mtu hukinga mvua kwa mwavuli, na hukinga pigo kwa mkono. Shamba la mpunga, lakini, hulindwa; na mlinzi wake hukaa humo humo shambani, tangu alfajiri mpaka machweo, akiamia ndege. Mwavuli ni kitu cha maana sana wakati wa mvua, lakini hakuna mkulima aliyewahi kuusimika shambani akaenda zake akiamini kwamba mavuno yake yako salama. Rai yetu leo ni kwamba ngao ya makombora hukinga, tena wakati mwingine hukinga vizuri sana; bali kulinda nchi ni kazi nyingine, na kazi hiyo bado inafanywa na watu waliosimama juu ya ardhi.

Yafaa kwanza tueleze jinsi ngao hizi zinavyofanya kazi, maana mwalimu hawezi kumfafanulia mwanafunzi jambo ambalo yeye mwenyewe amelipata kwa uvumi. Safari ya kombora la masafa marefu ina vipindi vitatu. Kwanza hupaa kwa nguvu za injini yake kwa dakika chache, likitoa moto mkali ambao setilaiti huuona kutoka mbali. Pili injini huzimika, na kichwa cha kombora husafiri kimya katika anga za juu kama jiwe lililotupwa, kwa kasi inayoweza kufikia kilomita 7 kwa sekunde. Tatu huanguka juu ya shabaha. Kutoka bara moja hadi jingine, safari nzima huchukua kama nusu saa.

Katika muda huo mwenye ngao hana budi aligundue kombora hilo, alifuate kwa rada, akokotoe mahali litakapopita, kisha arushe la kwake likagongane nalo. Kazi hiyo ni sawa na kuipiga risasi kwa risasi. Tena adui aweza kurusha pamoja na kichwa cha kombora maputo mepesi ya kudanganyia, nayo husafiri bega kwa bega na kichwa chenyewe, kwa kuwa huko juu hakuna hewa ya kuvichelewesha vyepesi nyuma ya vizito. Marekani imekwisha kuweka makombora 44 ya kutungulia ya namna hii katika majimbo ya Alaska na California. Katika majaribio yake, ambayo yote yalipangwa mapema, yamepata shabaha zaidi kidogo ya mara moja katika kila mara mbili.

Makombora ya masafa mafupi na maroketi ni rahisi zaidi kuyatungua, na huko mafanikio ni makubwa. Kwa hiyo anayesema ngao ni ulaghai mtupu anakosea, na anayesema ngao ni usalama anakosea zaidi. Historia ndiyo itakayotuonyesha mpaka wa mambo haya mawili.

Historia hiyo ilianza London. Tarehe 13 Juni 1944 Wajerumani walianza kuishambulia Uingereza kwa V-1, ndege ndogo isiyo na rubani iliyobeba mabomu. Waingereza waliikabili kwa mizinga, kwa ndege za kivita na kwa maputo yaliyofungwa nyaya, na baada ya wiki chache wakawa wanaziangusha nyingi kabla hazijafika mjini. Kisha, tarehe 8 Septemba 1944, ikaja V-2. Hiyo ilikuwa kombora la kweli, lililoanguka kwa kasi kupita sauti yake lenyewe, hata waliopigwa hawakusikia kitu. Hakukuwa na mzinga wala ndege iliyoweza kuizuia. Zaidi ya V-2 1,000 ziliiangukia Uingereza na kuua watu zaidi ya 2,500.

Ni nani basi aliyezikomesha? Vituo vya kurushia V-1 katika pwani ya kaskazini ya Ufaransa vilitekwa na majeshi ya nchi kavu yaliyosonga mbele mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1944. V-2 ziliendelea kurushwa kutoka Uholanzi, katika viunga vya The Hague, mpaka majeshi ya nchi kavu yalipovuka mto Rhine na kutishia kuyakatia Majeshi ya Ujerumani njia za kurudi kwao. Ya mwisho iliianguka Uingereza tarehe 27 Machi 1945. Ngao ya kwanza iliyofaulu dhidi ya kombora ilikuwa buti la askari lililokanyaga mahali kombora lilipokuwa likirushwa.

Fundisho hilo lilirudiwa mwaka 1991 katika vita vya Ghuba. Irak ilirusha makombora ya Scud yapatayo 88, mengi yakielekezwa Israel na Saudi Arabia. Marekani ilipeleka mitambo ya Patriot, na dunia nzima ikatazama kwenye televisheni jinsi mbingu ilivyowaka. Wakati ule ilitangazwa kwamba karibu kila Scud ilitunguliwa. Vita vilipokwisha na wakaguzi wa Bunge la Marekani wakaketi kuchunguza, waliona kwamba ushahidi ulio thabiti kabisa ulipatikana katika sehemu ndogo tu ya mapambano hayo, isiyofika moja ya kumi. Ndege za kivita nazo ziliruka zaidi ya mara elfu kuyatafuta magari ya kurushia Scud katika jangwa la magharibi ya Irak, na uchunguzi wa baadaye haukuweza kuthibitisha kwamba ziliharibu hata moja. Ilibidi wapelekwe makomando wa Uingereza na Marekani kuyasaka kwa miguu na kwa magari katika mchanga ule.

Katika vita hivyo lipo tukio moja ambalo kila mwalimu wa hesabu angepaswa kulijua. Tarehe 25 Februari 1991 Scud iliangukia kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, ikaua 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukikinga eneo hilo ulikuwa umefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 100. Katika namna kompyuta yake ilivyohesabu muda kulikuwa na kosa dogo sana, ambalo liliongezeka kila saa hata likafikia theluthi moja ya sekunde. Kwa kombora lendalo kasi, theluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali pasipo na kitu, na kombora likapita. Siku hiyo vikosi vya nchi kavu vilikuwa vimekwisha kuingia vitani, na baada ya saa 100 tangu vianze, vita vikasimama.

Mataifa makubwa yenyewe yaliwahi kuuona ukweli huu. Tarehe 26 Mei 1972 Rais Richard Nixon wa Marekani na Leonid Brezhnev wa Urusi ya Kisovieti walitia saini mjini Moscow mkataba wa kuzuia ngao za makombora. Huenda msomaji akashangaa: kwa nini watu wakubaliane kutojikinga? Sababu ni kwamba ngao ya mmoja humtia hofu mwenzake, naye hujibu kwa kuongeza mishale. Kichwa kimoja cha kombora hugeuzwa kuwa vitatu, au kumi. Ngao iliyoruhusiwa Marekani, huko North Dakota, ilikamilika mwaka 1975, na katika miezi michache ikafungwa, kwa kuwa wabunge waliona gharama yake haiwiani na faida. Rais Ronald Reagan aliifufua ndoto hiyo katika hotuba yake ya tarehe 23 Machi 1983, na watu wakaubatiza mpango wake jina la Vita vya Nyota. Mwaka 2002 Marekani ikajitoa kabisa katika mkataba wa 1972.

Jibu halikukawia sana. Tarehe 1 Machi 2018 Rais Vladimir Putin wa Urusi alisimama mbele ya wabunge wake akaonyesha aina mpya za makombora, mengine ya kubadili njia angani, mengine ya kuzunguka dunia kwa njia isiyotazamiwa, na akasema waziwazi kwamba yalibuniwa kwa sababu ya kujitoa huko. Kwa silaha za nyuklia, basi, ngao haikuleta utulivu. Na huko hata ngao ya kutungua makombora tisa katika kumi ingekuwa bure, kwa maana la kumi ni mji mzima. Mbele ya silaha hizo askari wa nchi kavu hana dawa, na mwenye ngao hana dawa. Dawa ni mikataba inayoheshimiwa.

Sasa tuutazame mfano wa ngao iliyofaulu kuliko zote. Tangu mwaka 2011 Israel imekuwa na mtambo uitwao Kuba la Chuma, unaotungua maroketi ya masafa mafupi. Rada yake hukokotoa mahali kila roketi itakapoanguka, na ile inayoelekea porini huachwa ipite. Umeokoa maisha ya watu wengi, na hakuna haja ya kulikana hilo. Lakini alfajiri ya tarehe 7 Oktoba 2023, huku mtambo huo ukishughulika na maelfu ya maroketi yaliyorushwa kutoka Gaza, wapiganaji wa Hamas walivunja uzio wa mpakani kwa matingatinga na baruti, wakaingia kwa miguu, kwa pikipiki na kwa magari. Watu wapatao 1,200 waliuawa na wapatao 250 walichukuliwa mateka. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wetu wawili wa Kitanzania, waliokwenda huko kujifunza kilimo. Anga lilikuwa na ngao; mpaka ulikuwa na kamera, vihisio na bunduki za kuendeshwa kwa mitambo, lakini askari waliokuwa kazini walikuwa wachache mno. Juu palikingwa, chini hapakulindwa.

Yaliyofuata nayo yanafundisha. Jeshi lililokuwa na ngao bora duniani lililazimika kuwaita askari wa akiba mamia ya maelfu na kuingia Gaza kwa vifaru na kwa miguu, nyumba kwa nyumba, handaki kwa handaki. Kufikia mwisho wa Julai 2025 Wapalestina waliouawa walizidi 60,000 kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko, wengi wao wanawake na watoto. Watu wa Gaza hawakuwa na ngao yoyote, ya angani wala ya ardhini. Wale waliodhani kwamba ngao ingeufanya ugomvi wa ardhi uweze kuahirishwa milele waliona ugomvi huo ukirudi kwa ukali kuliko mwanzo. Hatari ya ngao njema ndiyo hiyo: humfanya aliye chini yake asahau kwamba tatizo lingalipo.

Iko pia hesabu ya bei. Kombora la kutungulia la Kuba la Chuma linakadiriwa kugharimu dola 40,000 au zaidi, wakati roketi inayotunguliwa huundwa karakana kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kombora jipya la Patriot hugharimu kama dola milioni 4, na ndege isiyo na rubani ya aina ya Shahed hukadiriwa kuwa dola elfu makumi machache. Usiku wa tarehe 13 Aprili 2024 Iran ilirusha makombora na ndege za namna hiyo zaidi ya 300 kuelekea Israel. Karibu zote ziliangushwa, lakini ilihitaji msaada wa Marekani, Uingereza, Ufaransa na Jordan. Mwaka uliofuata, katika vita vya siku 12 vya Juni 2025, Iran ilirusha makombora zaidi ya 500, na safari hii baadhi yalipenya na kuua. Vita hivyo vilisimama bila jeshi la nchi kavu la upande wowote kuivamia nchi ya mwenzake, na ugomvi wenyewe ukabaki bila kumalizika. Anayekinga kwa milioni pigo la maelfu aweza kushinda usiku mmoja, na mwili wake ukawa umechoka kabla ya mwezi kwisha.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tumekwisha kuilipia hesabu hiyo. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen, ambao hawana jeshi la majini la kutajika, waliwashambulia wapita njia wa Bahari ya Shamu kwa makombora na ndege zisizo na rubani zilizorushwa kutoka milimani na mabondeni mwa nchi yao. Manowari za Marekani zilizitungua nyingi kwa makombora ya bei ya dola milioni mbili kila moja. Hata hivyo makampuni ya meli yalihofu, na meli nyingi zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikirefuka kwa siku 10 na zaidi. Mashambulizi makali ya ndege ya mwaka 2025 yalikoma tarehe 6 Mei, baada ya Oman kusuluhisha. Na Julai mwaka huohuo Wahouthi wakazamisha meli mbili za mizigo. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mombasa aliyengoja shehena yake kutoka Ulaya alijifunza, bila kusoma kitabu cha kijeshi, kwamba aliyeshika ardhi ya pwani aweza kuishika bahari iliyo mbele yake.

Jambo hilo latuonyesha kwamba jeshi la nchi kavu la leo si lile la babu zetu. Tarehe 14 Aprili 2022 manowari Moskva, bendera ya kikosi cha Urusi katika Bahari Nyeusi, ilizama baada ya kupigwa na makombora ya Ukraine yaliyorushwa kutoka nchi kavu. Mkataba wa 1987 uliokuwa umewakataza Wamarekani na Warusi kuwa na makombora ya nchi kavu yaendayo kati ya kilomita 500 na 5,500 ulikufa tarehe 2 Agosti 2019, na tangu hapo askari wa ardhini wamepewa mikono mirefu kupita ya rubani. Hata mtambo wa Patriot wenyewe ni chombo cha nchi kavu: huendeshwa na askari, hubebwa na malori, hutaka barabara, mafuta, mafundi na walinzi wa kuuzunguka usiku. Mwenye kuyatenga mambo haya mawili, ngao upande mmoja na askari upande mwingine, hajaona kambi yake ilivyo.

Katika Ukraine mambo yote mawili yalionekana kwa pamoja. Mitambo ya Patriot ilipofika mwaka 2023, iliweza kutungua makombora ambayo Urusi ilikuwa imejigamba kwamba hayatunguliki, na mji wa Kyiv ukaendelea kuwa na serikali, shule na hospitali. Hiyo ni kazi kubwa ya ngao: iliwanunulia wananchi muda. Lakini Bakhmut ilipotea Mei 2023, na Avdiivka ikapotea Februari 2024, na zote mbili zilipotea ardhini, kwa mizinga, mabomu na askari wa miguu. Hakuna rada iliyoweza kujaza handaki lililokosa watu. Muda ulionunuliwa na ngao una faida pale tu ambapo yuko wa kuutumia chini.

Wako watakaotupinga. Watasema kwamba ndege ndogo za bei nafuu zimeunguza vifaru vingi katika tambarare za Ukraine, na kwamba zama za jeshi la nchi kavu zimekwisha. Ni kweli vifaru vimeungua. Lakini baada ya kuungua, pande zote mbili zilichimba mahandaki na kutafuta askari zaidi. Silaha mpya imebadili namna ya kushika ardhi, haikuondoa haja ya kuishika. Wengine watasema kwamba askari wa miguu naye hushindwa, na watatuonyesha Afghanistan, ambako Marekani na wenzake walikaa miaka 20 wakaondoka mwaka 2021 na kuwaacha wale wale waliowakuta. Hilo nalo ni kweli, na latuongezea hoja. Jeshi linaloshika ardhi ya wengine bila ridhaa yao limeikanyaga tu. Ardhi hushikwa na watu wanaoiona kuwa ni yao.

Sisi Watanzania tunayajua haya kwa damu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera, na ndege zake zikaushambulia mji wa Bukoba. Hatukuwa na kuba la chuma wala la dhahabu. Miongoni mwa tulivyokuwa navyo vya kukinga anga vilikuwamo mizinga na makombora madogo ya kurushiwa begani, nayo yaliangusha ndege kadhaa za adui. Jeshi la Wananchi liliongezwa kwa mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza. Lilivuka mto Kagera, likamwondoa mvamizi, kisha likaenda, sehemu kubwa ya safari kwa miguu, pamoja na wapiganaji wa Uganda wenyewe. Masaka ilitwaliwa Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili, na Juni vikosi vikafika mpaka wa Sudan. Mwishoni mwa Machi mwaka huo ndege ya Libya ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza kwa mabomu. Mji haukudhurika, na safari ya askari haikukomeshwa. Tukumbuke pia kwamba gharama za vita hivyo zililemea uchumi wetu kwa miaka mingi, na kwamba amani ya Uganda haikupatikana siku ile Kampala ilipotekwa. Jeshi hufungua mlango. Wanaoingia kujenga nyumba ni raia.

Tunayasema haya kwa sababu biashara ya silaha haijapata kukosa madalali. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na muuza ngao hatamwambia mnunuzi kwamba kombora la kutungulia likisharushwa haliokotwi, wala kwamba mtambo usio na mafundi wa kuutunza ni chuma cha kupigia picha siku ya gwaride. Mtumishi wa serikali ambaye kalamu yake hupita juu ya makadirio na mikataba, hata kama wizara yake haihusiani na majeshi, anapaswa kuuliza maswali manne. Ni pigo gani hasa tunalotaka kulikinga? Kila kinga moja itatugharimu kiasi gani, na pigo lenyewe humgharimu adui kiasi gani? Nani atauendesha mtambo na kuutengeneza baada ya miaka kumi? Na fedha hizo zikitoka, ni askari yupi atakosa mafunzo, ni barabara ipi ya mpakani itakosa daraja, ni kijiji kipi kitakosa maji? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwalimu naye ana sehemu yake, na pengine ndiyo kubwa. Ngao yoyote ya kweli huanza katika darasa la hesabu na fizikia, kama kosa la theluthi ya sekunde lilivyotuonyesha. Taifa lisilofundisha watoto wake kukokotoa litanunua rada za wengine na kusubiri wengine walisomee. Na ulinzi wa kweli wa ardhi huanza katika somo la uraia na historia, pale mtoto anapoelewa kwa nini kijiji cha mpakani ambacho hajakiona ni chake.

Kwa upande wa mataifa, Afrika imekwisha kuonyesha njia. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini mjini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, umelifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Hatukungoja ngao, tuliikataa silaha yenyewe isiwe na makao kwetu. Sauti ya nchi zisizo na makombora yana haki ya kusikika pale wenye makombora wanapovunja mikataba yao mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa majivu ya vita hivyo hayatauliza pasipoti ya mtu.

Ngao ikinunuliwa kwa busara, na inunuliwe. Mji uliokingwa usiku mmoja ni watoto waliolala wakaamka. Lakini asitokee mtu akatuambia kwamba kuanzia sasa shamba litajilinda lenyewe. Mipaka ya nchi hii italindwa, kama ilivyolindwa jana, na watu waliofunzwa, waliolishwa, wanaoaminiana na serikali yao, na wanaojua kwamba ardhi wanayoikanyaga ni yao.